Simu Ipewe Njia: Kulinda Mazungumzo Kwenye Laini ya Intaneti Inayotumiwa na Wengi

Vikundi vingi vya kujisaidia siku hizi vina ofisi ndogo yenye laini moja ya intaneti. Laini hiyo hiyo ndiyo katibu anayotumia kutuma ripoti, vijana kupakua masomo, mweka hazina kuangalia akaunti ya benki, na akina mama kuzungumza na watoto wao walio kazini mbali. Kila mmoja ana haki ya kuitumia, kwa maana kila mmoja alitoa mchango. Lakini ikifika saa nne asubuhi, ofisi ikishajaa, mwenye simu huanza kulalamika: "Haloo? Haloo? Unasikika nusu nusu. Hebu rudia!"

Jambo hili si dogo. Tuseme kikundi kinauza parachichi, na mwenyekiti anapatana bei na mnunuzi kwa simu ya intaneti. Mnunuzi anasema "mia moja na thelathini", lakini sauti inakatika na huku panasikika "thelathini" peke yake. Au tuseme muuguzi wa zahanati anamwuliza daktari wa hospitali kubwa kiasi cha dawa ya mtoto. Neno moja likipotea hapo, si mchezo.

Wengi wakipatwa na shida hii husema, "Tununue laini kubwa zaidi." Wakati mwingine ni kweli laini ni ndogo. Lakini mara nyingi pesa hizo hutumika bure, kwa sababu shida si ukubwa wa laini bali ni jinsi foleni ilivyopangwa. Katika makala hii tutaeleza kwa nini sauti hukatika, halafu tutaonyesha hatua ambazo kikundi chenyewe kinaweza kuchukua kwa ruta kiliyo nayo.

SAUTI HUSAFIRI VIPI?

Ukizungumza kwa simu ya intaneti, sauti yako haiendi kama maji ndani ya bomba. Hukatwa vipande vidogo vidogo vinavyoitwa pakiti. Kwa kawaida kila pakiti hubeba sauti ya milisekunde 20, na sekunde moja ina milisekunde 1,000. Kwa hiyo kila sekunde simu hutuma pakiti 50, na kupokea nyingine 50 kutoka kwa yule wa upande wa pili.

Pakiti hizi ni ndogo. Kwa mtindo wa kawaida wa simu za ofisini, unaoitwa G.711, simu moja hula kilobiti 80 hadi 90 hivi kwa sekunde kila upande. Mitindo mipya kama Opus, uliotolewa mwaka 2012, huweza kubeba sauti safi kwa kiasi kidogo zaidi. Sasa tuseme laini yenu inaweza kutuma megabiti 2 kwa sekunde. Simu moja haifikishi hata sehemu moja ya ishirini ya laini hiyo. Basi mbona inakatika?

Inakatika kwa sababu simu haihitaji nafasi kubwa, inahitaji kufika kwa wakati. Barua ikichelewa dakika moja, hakuna anayejua. Neno la simu likichelewa sekunde moja, mazungumzo yameharibika.

MAADUI WATATU WA SAUTI

Wa kwanza ni kuchelewa. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, hushauri kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo wa huyu hadi sikio la yule. Ikizidi hapo, watu huanza kuingiliana, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza. Ikizidi 400, mazungumzo huwa kazi kweli kweli.

Wa pili ni kuyumba. Hapa pakiti hufika, lakini hazifuatani sawa. Moja inafika mapema, ya pili inachelewa, tatu zinafika pamoja. Simu hujaribu kuzingojesha kidogo ili izipange, lakini haiwezi kungoja sana. Iliyochelewa hutupwa, na wewe unasikia sauti ya kukwaruza au neno lililokatwa.

Wa tatu ni kupotea. Ruta ikijaa, pakiti nyingine humwagika njiani. Faili likipoteza pakiti hutumiwa nyingine baadaye, bila hasara. Sauti haiwezi kungoja, kwa hiyo kilichopotea kimepotea.

FOLENI YA KISIMANI

Hebu tufikirie bomba moja la maji la kijiji. Amekuja mtu na punda kumi, kila punda ana mitungi minne. Nyuma yake amekuja mtoto na kikombe kimoja, anataka maji ya mgonjwa kumeza dawa. Bomba lina maji ya kutosha wote. Lakini kama sheria ni "aliyetangulia kufika ndiye ateke kwanza", mtoto atangoja mitungi arobaini ijae. Kikombe chake kingejaa mara moja, na mwenye punda asingeona hasara yoyote.

Ruta nyingi zikitoka dukani hufuata sheria hiyo hiyo. Aliyetangulia ndiye atangulie. Picha za mkutano ndizo punda, na simu ndiyo kikombe.

Tupige hesabu. Picha moja ya simu janja inaweza kuwa na megabaiti 4. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo hiyo ni megabiti 32. Kwa laini inayotuma megabiti 2 kwa sekunde, picha hiyo huchukua sekunde 16. Katibu akituma picha 30 kwa wafadhili, laini itashikwa kwa dakika 8. Na katika dakika hizo 8 kila anayepiga simu atalalamika.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kompyuta inayotuma faili kubwa haitumi kwa utaratibu wa adabu. Huongeza kasi, ikaongeza tena, hadi pakiti zianze kumwagika, ndipo ipunguze. Wakati huo ghala la kungojea ndani ya ruta au modemu limeshajaa. Ghala likiwa na nusu megabaiti, yaani megabiti 4, kwa laini ile ya megabiti 2 litahitaji sekunde 2 nzima kumalizika. Pakiti ya sauti ikiingia mwisho wa foleni hiyo itafika baada ya sekunde 2, wakati inayotakiwa ni chini ya sehemu ya sita ya sekunde moja!

Kumbe ghala kubwa ndilo linaloleta taabu. Mhandisi Jim Gettys wa Marekani alianza kulipigia kelele jambo hili karibu na mwaka 2010. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa njia ya kuizuia foleni isirefuke, nayo inaitwa CoDel. Kutokana na hiyo zikatokea njia nyingine mbili, fq_codel na CAKE, ambazo leo zimo ndani ya ruta nyingi na hazilipiwi.

KWANZA HAKIKISHENI UGONJWA

Msianze kutibu kabla ya kupima. Fanyeni jaribio hili watu watatu, halichukui hata nusu saa.

Mmoja apige simu ya intaneti kwa mtu aliye nje ya ofisi, na vifaa vingine vyote viwe vimezimwa. Asikilize dakika mbili. Kisha wa pili aanze kutuma picha nyingi. Wa tatu aandike kile ambacho mwenye simu anasikia. Halafu picha zisimamishwe.

Kama sauti ilikuwa nzuri mwanzoni, ikaharibika picha zikitumwa, na ikarudi sekunde chache baada ya kusimamisha, basi shida yenu ni foleni. Makala hii itawasaidia. Lakini kama sauti ilikuwa mbaya hata vifaa vyote vikiwa vimezimwa, shida iko kwingine. Pengine mawimbi ya mnara ni dhaifu, au waya umeharibika, au kampuni inayowauzia intaneti imelemewa. Hapo hakuna mpango wa foleni utakaosaidia.

Angalieni pia upande wa kutuma. Laini nyingi hupokea haraka lakini hutuma polepole. Watu husifu laini kwa megabiti 10 za kupokea, kumbe inatuma 2 tu. Simu huenda pande zote mbili, kwa hiyo upande mwembamba ndio unaoiumiza.

HATUA ZA KUFUATA

1. Pimeni kasi saa ya msongamano.
Tumieni kompyuta iliyounganishwa kwa waya. Pimeni mara tatu wakati ambapo eneo lenu linatumia mtandao sana, kwa mfano jioni. Andikeni kasi ya kupokea na ya kutuma. Chukueni namba ndogo, msichukue kubwa. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa wanaotumia ruta ya laini ya simu ya mkononi, maana kasi yake hupanda na kushuka kwa saa.

2. Wekeni kikomo chini kidogo ya kasi mliyopima.
Ingieni kwenye ruta kwa neno la siri la msimamizi, mtafute sehemu iliyoandikwa QoS au SQM. Wekeni kikomo cha asilimia 85 hadi 90. Kama mlipima megabiti 2 za kutuma, andikeni 1.7 au 1.8.

Wengine watauliza, "Mbona tujinyime tulicholipia?" Sababu ni hii. Foleni hujikusanya pale penye mlango mwembamba. Msipoweka kikomo, mlango mwembamba utakuwa kwenye modemu au kifaa cha kampuni, na huko ninyi hamna sauti. Mkiweka kikomo, foleni inahamia ndani ya ruta yenu, na mwenye foleni ndiye anayeipanga. Mnapoteza kidogo cha kasi ili mpate utawala.

3. Chagueni mpango wa foleni.
Kama ruta ina CAKE au fq_codel, chagueni hiyo. Kazi yake ni kuwapa watumiaji zamu. Badala ya punda kumi kuteka mfululizo, mmoja anateka mtungi mmoja, kisha anapisha kikombe, kisha anaendelea. Simu hupata nafuu kubwa hata kabla hamjataja kwamba ni simu. Kama ruta yenu haina mpango huu, mtu mwenye ujuzi aangalie kama inakubali OpenWrt, programu ya bure ya kuendesha ruta. Lakini asijaribu juu ya ruta ya pekee mliyo nayo bila kuhakikisha, maana inaweza kuharibika.

4. Ipeni simu nafasi ya kwanza.
Kama ruta haina mpango wa zamu, ina orodha tu ya nani atangulie, basi chagueni kifaa cha kutangulizwa. Njia rahisi ni kutaja kifaa chenyewe, kwa mfano simu ya mezani ya ofisi, kwa anwani yake. Kutaja programu ni kugumu zaidi, kwa sababu mazungumzo mengi ya leo yamefungwa kwa siri na ruta haioni ndani.

Simu nyingi za ofisini hujua pia kuweka alama juu ya pakiti zake. Alama ya sauti ni namba 46, iliyokubaliwa na wahandisi wa intaneti duniani. Ruta ikiona 46 na imeagizwa kuiheshimu, huipitisha mbele. Pakiti kubwa ya baiti 1,500 huchukua milisekunde 6 kwenye laini ya megabiti 2. Kwa hiyo pakiti ya sauti itangoja milisekunde hizo 6, mpaka iliyo mlangoni itoke, badala ya kungoja sekunde 2.

5. Wekeni mpaka kwa huyo aliyepewa kipaumbele.
Kila mtu akiwa wa kwanza, hakuna wa kwanza. Wataalamu wengi hushauri sauti isipewe zaidi ya theluthi moja ya laini. Kwa laini yetu ya megabiti 2, theluthi ni kilobiti 660 hivi, nazo zatosha simu saba za kilobiti 90. Sinema na michezo visitiwe kwenye nafasi hiyo, hata kama mwenyewe anabembeleza.

6. Msisahau waifai.
Mnaweza kupanga ruta vizuri na bado sauti ikakatika kati ya ruta na simu. Kuta za mabati huzuia mawimbi. Oveni ya maikrowevu nayo huyavuruga. Simu ya mezani iunganishwe kwa waya. Ruta iwekwe juu na katikati ya jengo, isifichwe ndani ya kabati la chuma. Katika ruta nyingi kuna sehemu ya WMM, ambayo hugawa kazi za waifai mafungu manne, na sauti ndiyo ya kwanza. Iacheni ikiwa imewashwa.

7. Pimeni tena.
Rudieni lile jaribio la watu watatu. Sauti ikibaki safi picha zikiendelea kutumwa, kazi imefaulu. Kama bado, teremsheni kikomo kidogo, labda asilimia 80, mjaribu tena. Andikeni namba zilizofaa kwenye daftari la kikundi, si kwenye kichwa cha mtu mmoja.

YASIYOWEZEKANA

Tusidanganyane. Kuna mambo ambayo mpango huu hauwezi kuyafanya.

Hauwezi kutawala njia iliyo nje ya ofisi yenu. Pakiti ikishatoka, makampuni mengi huifuta ile alama ya 46 au huipuuza. Mnatawala mlango wenu tu. Lakini mara nyingi mlango huo ndio penye msongamano mkubwa kuliko pote.

Hauwezi kufupisha umbali. Wanaotumia setilaiti za zamani zilizo juu kilomita 36,000 hivi lazima wangoje, maana kupanda na kushuka tu huchukua karibu milisekunde 240 hata kwa mwendo wa mwanga. Ndiyo maana kufika kwa nyaya za SEACOM na TEAMS pwani ya Mombasa mwaka 2009 kulibadilisha mambo mengi. Setilaiti za chini kama za Starlink, zilizoanza huduma Kenya mwaka 2023, ziko juu kilomita 550 hivi, na kwa hiyo hazicheleweshi kiasi hicho.

Hauwezi pia kuifanya simu ya intaneti iwe tegemeo pekee wakati wa hatari. Umeme ukipotea, ruta imezimika. Kwa dharura, ofisi iwe na simu ya mkononi ya kawaida yenye chaji na salio. Simu hiyo ya kawaida hupita kwenye mnara kwa njia yake, haingojei foleni ya ruta yenu.

MAKUBALIANO YA KIKUNDI

Kupanga foleni ni kazi ya fundi, lakini kuamua nani atangulie ni kazi ya kikundi. Fundi akiamua peke yake, kesho mtasikia maneno: "Ati simu ya mwenyekiti inapita, sisi wengine tunangojeshwa!" Afadhali jambo hili lijadiliwe mkutanoni na liandikwe kwenye kumbukumbu.

Tunapendekeza kikundi kikubaliane kwamba kinachotangulizwa ni kazi, si cheo. Simu ya zahanati, simu ya mnunuzi wa mazao, simu ya mama anayezungumza na bintiye aliye Ghuba, zote ni sauti na zote zipite. Faili la mwenyekiti lingoje kama faili la mwanachama yeyote.

Mpangie pia saa. Kupakua sinema na kusasisha kompyuta kunaweza kufanywa usiku au mapema asubuhi, simu zikiwa chache. Haligharimu shilingi hata moja, na mara nyingine latosha bila kugusa ruta.

Mwisho, neno la siri la ruta lijulikane na watu wawili, tuseme katibu na mweka hazina, na lisibaki lile lililotoka dukani. Mmoja akisafiri, mwingine yuko. Kila badiliko liandikwe tarehe na sababu.

MASWALI YA KUJADILI KWENYE KIKUNDI

1. Ni simu gani ambayo, ikikatika, itatuletea hasara kubwa kuliko zote? Nani huipiga, na saa ngapi?

2. Laini yetu inatuma megabiti ngapi jioni? Nani atapima, na ataleta majibu lini?

3. Ni kazi gani kati ya zetu zinaweza kungoja hadi usiku?

4. Kama ruta yetu haina QoS wala SQM, je, ni heri kununua ruta nyingine mara moja, au kulipia laini kubwa kila mwezi? Pigeni hesabu ya mwaka mzima kabla ya kujibu.

5. Ni watu gani wawili watakaotunza neno la siri na daftari la mabadiliko?

Swali la nne lisirukwe. Ruta hununuliwa mara moja, lakini laini hulipiwa kila mwezi, iwe mvua iwe jua. Haba na haba hujaza kibaba, na vilevile haba na haba humaliza mfuko wa kikundi. Pangeni foleni kwanza, mpime, ndipo mjue kama kweli mnahitaji laini kubwa zaidi.